Vitalu Visivyoguswa

Mashine ilizimia mara ya kwanza mbele ya ngamia wa eeddo Osob, dada ya baba yangu. Taa ya kijani iliwaka, pampu ikanguruma chini kabisa ya ardhi, kisha kila kitu kikanyamaza. Ikajiwasha tena. Ikanyamaza tena. Mimi nilikuwa nimevaa shati jipya nililolipiga pasi Garissa kwa ajili ya siku hiyo, bisibisi mkononi, na watu wote pale kisimani wakaacha kuitazama mashine wakanitazama mimi.

"Keinan," akasema Diriye, mtunza pampu, "hiki kitu chako kimeingiwa na jini?"

"Kinajiwasha tu. Kipe nafasi."

"Kimejiwasha mpaka nimechoka mimi. Bado hakijatoa hata maji ya kutawadha."

Ngamia wakasogea. Walikuwa wametoka malisho ya mbali, hawajaonja maji kwa muda ambao ng'ombe angekuwa mifupa, na harufu ya maji yaliyolala ndani ya bomba ilikuwa imeshawafikia. Majike walinyoosha shingo juu ya birika kavu wakaguna. Ndama hawakuguna. Walisimama tu, miguu imepanuka, na hilo ndilo lililonitisha.

Lazima niseme zamu ni nini kisimani kwetu, hapa nje kidogo ya Lafey, maana siku ile yote ilikuwa juu ya zamu. Kila ukoo una wakati wake, na wakati unapimwa kwa sala. Zamu ya eeddo Osob ilikuwa kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Adhana ya alasiri ikilia kabla hata ngamia wake mmoja hajainamisha shingo na kunywa, zamu imekufa. Inaingia ya Warsame, na eeddo atangoja mpaka koo zote zimalize mzunguko. Lakini ngamia wa kwanza akishaanza kunywa kabla ya adhana, hakuna wa kumfukuza. Mwenye zamu atanywesha mpaka wa mwisho, hata jua lizame. Kanuni hiyo haijaandikwa popote. Huhitaji kuandika kitu ambacho watu wamewahi kuchomana visu kwa ajili yake.

Ngamia wakubwa wangeweza kuvumilia mzunguko. Ndama wasingeweza. Kila mtu pale alijua hivyo, na eeddo alijua kuliko wote, lakini alikuwa amekaa juu ya jerikeni lake lililopinduliwa, ushanga wa tasbihi vidoleni, kama mtu anayesubiri chai.

Ni yeye aliyesimama mbele ya kamati ya maji akaitetea bodi yangu, ubongo mpya wa mashine. Mashine yetu ya zamani ilifungua koki kwa kadi: kila ukoo na kadi yake, na koki haifunguki ila kwa kadi yenye zamu. Ilifanya kazi vizuri hadi fundi fulani wa simu mjini Mandera alipojifunza kunakili kadi. Zamu zikaanza kuuzwa kama miraa. Watu wawili walilazwa hospitali kwa marungu kabla ya kamati kukubali kwamba mashine imeshindwa.

Ndipo mimi na Deka tukatengeneza bodi mpya. Deka ni mwenzangu wa karakana kule Garissa, chumba kimoja nyuma ya duka la nguo. Yeye anajua vyuma na waya, mimi najua programu, na kila mmoja anaamini kwamba kazi ya mwenzake ndiyo rahisi. Na bodi ile, niseme wazi, ilikuwa nzuri. Ndani yake kuna chipu ya flashi, kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika, iliyogawanywa vitalu vingi kama mji ulivyogawanywa viwanja. Katika vitalu saba tuliweka funguo za siri za kutambua kadi za kweli. Ukishazichoma funguo zile humo, yaani ukishaziandika, chipu yenyewe inavifunga vitalu hivyo milele. Hakuna programu inayoruhusiwa kuvisoma, kuviandika wala kuvifuta, hata niliyoiandika mimi niliyeviweka. Ukiuliza, chipu itakujibu tu kwamba kadi hii ni ya kweli na hii ni ya uongo. Mlangoni hupiti. Wiki nzima nililala nikilitabasamia jambo hilo.

Asubuhi ile nilichoma funguo mbele ya kamati nzima. Nikawaambia sasa hata mimi siwezi kuwaibia. Wakapiga makofi. Adhuhuri ilipofika na zamu ya eeddo kuanza, nikaiwasha, na ikazimia.

Nilichomeka laptopu kwenye bodi na kutazama maneno yanayopita. Kila mashine inapoamka hujisimulia: nimeamka, nimeona umeme, nimeona flashi, naanza kukagua vitalu. Kitalu cha kwanza kizima. Cha pili kizima. Maneno yalikimbia, kisha yakafika mstari mmoja yakakatika kama uzi: kitalu cha arobaini. Ikajiwasha. Ikakagua. Kitalu cha arobaini. Kimya.

Hapo moyo wangu ukaruka, na haukuruka kwa hofu. Arobaini ndipo zinapoanzia funguo.

Nililielewa jambo zima kwa pigo moja. Kati ya flashi na programu nyingine zote anasimama kiendeshi, programu ndogo inayofanya kazi ya udalali: hakuna anayeifikia flashi bila kupitia kwake. Na kiendeshi chetu, kama viendeshi vingi, kikiamka hupita mlango kwa mlango kikisoma alama ya kila kitalu, kujua kipi kizima na kipi kibovu. Kinabisha kila mlango bila kuchagua. Kilipobisha mlango wa funguo, mlinzi wa chipu hakujibu "hodi imekataliwa." Aliizima mashine nzima. Mashine ikaamka, kiendeshi kikaanza tena kupita mlango kwa mlango, kikabisha palepale, ikapigwa tena.

"Siyo jini," nikamwambia Diriye. "Ni mlinzi. Anafanya kazi yake."

"Basi mwambie apunguze bidii."

Warsame, mwenye zamu inayofuata, alicheka. Ni mtu mrefu wa makamo, binamu ya marehemu mume wa eeddo, na ngamia wake walikuwa wamelala kando ya miiba wakicheua kwa starehe ya kuudhi. Alichomeka fimbo yake mchangani mbele yangu na kukitazama kivuli.

"Mhandisi," akasema, "sina haraka. Kivuli ndicho chenye haraka."

Mtandao wa simu pale haupatikani chini. Unapatikana juu ya mnara wa tanki, na hata huko upande mmoja tu. Nikapanda ngazi ya chuma huku inanichoma viganja, nikampigia Deka.

"Inazimia kwenye kitalu cha arobaini," nikasema.

"Haiwezekani. Yangu hapa mezani imewaka wiki nzima."

"Ya mezani haijafungwa, Deka. Hujachoma funguo."

Nilisikia feni yake ikizunguka.

"Unajua nikichoma hii haitafunguka tena," akasema. "Ni bodi ya Wajir. Hatuna nyingine."

"Najua."

"Watu wa Wajir wanaisubiri."

"Deka, walaal, dada yangu, nimening'inia kwenye ngazi, na chini yangu kuna ndama."

Nilisikia vidole vyake vikigonga, kisha akacheka kicheko ambacho nitakikumbuka. "Imezimia. Walahi imezimia, palepale kama yako."

Nami nikacheka, mpaka ngazi ikatikisika. Aliyewahi kuufukuzia ugonjwa wa mashine anajua: siku unapouona ukijitokeza mahali pa pili, kwa makusudi, chini ya mkono wako, umeshaushika masikio.

"Amesemaje?" eeddo aliuliza kutoka chini.

"Na yake imekufa!"

"Na mnachekea hilo?"

Kina baba wa kamati wakatazamana. Diriye akatumia nafasi hiyo. Aliingia kibanda cha pampu akatoka na gunia, na ndani ya gunia ilikuwamo bodi ya zamani, imejaa vumbi.

"Eeddo Osob," akasema, "turudishe hii, leo tu. Ngamia wako wanywe. Kesho kijana aendelee na walinzi wake."

Nilishuka ngazi nusu nikasimama. Nilitaka kupiga kelele, lakini mwenye haki ya kusema hapo hakuwa mimi. Ndama walikuwa wake.

Eeddo aliitazama ile bodi kama mtu anayeonyeshwa nyoka aliyemuua juzi.

"Kwa hiyo leo watakunywa wangu," akasema, "na magharibi atakuja mtu na kadi aliyotengenezewa Mandera, naye anyweshe. Nimwambie nini? Kwamba ilifunguliwa kwa ajili yangu?"

"Ni siku moja, eeddo."

"Marungu nayo yalikuwa siku moja. Irudishe kwenye gunia." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, unashuka au unapanda?"

Nilipanda.

Deka alikuwa ameshaanza kufikiri kwa sauti. "Kuna njia ya mkato. Tuzime ule ukaguzi wa vitalu wa kuamka. Kiendeshi kikiamka kisibishe mlango wowote."

"Hapana."

"Itawaka, Keinan. Itawaka sasa hivi."

"Itawaka, halafu wiki ijayo programu yoyote ikisoma karibu na hapo kwa bahati mbaya, tumerudi hapa hapa na mimi sipo. Na vitalu vibovu hatutavijua. Mlango mmoja umeufunga, mingine umeiacha wazi. Mbuzi wataingia dirishani."

"Nilitaka tu kusikia unavyosema," akajibu, na nilijua anatabasamu. "Basi tufanye kiume."

"Wewe ni mwanamke."

"Ndiyo maana mimi nitaandika sehemu ngumu."

Tukagawana. Kiendeshi kitapewa ramani ya maeneo yenye mwiko, na kabla ya kugusa kitalu chochote, kwa kusoma, kwa kuandika, kwa kufuta au kwa ule msako wa kuamka, kitaitazama ramani. Kitalu kikiwa ndani ya mwiko, kinakiruka kimya kimya, hakibishi. Deka angeandika ukaguzi wenyewe, mahali pamoja ambapo kazi zote nne zinapitia. Mimi ningeandika ramani ya bodi yangu.

"Nikutumie ramani yangu?" akauliza. "Bodi ni ndugu."

"Ramani ya kisima changu naiandika mwenyewe."

"Haya, mfalme."

Nilikimbia chini, nikakaa kwenye mchanga na laptopu mapajani, kitambaa kichwani kuzuia mwanga. Ramani ilikuwa mstari mmoja: namba mbili. Niliiandika bila hata kufikiri. Kisha nikapanda tena kuipokea kazi ya Deka. Ilikuja polepole kama maji ya bomba bovu, na nikaisoma palepale juu. Ilikuwa safi. Nilitamani kuikosoa nikakosa pa kuanzia. Nikashuka, nikajenga programu upya, nikaimimina ndani ya bodi, nikaiwasha.

Vitalu vilikimbia. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Kisha maneno yakaruka, yakaendelea upande wa pili kama ngamia anayevuka korongo. Taa ya kijani ikawaka. Ikaendelea kuwaka.

Nilihesabu pumzi zangu. Bado inawaka. Warsame aliacha kutazama kivuli.

Sijui nilifikaje juu ya tanki safari hiyo. Simu ilipoita tu nikaanza kumtolea Deka ubeti, maana ulikuwa umenijia kwenye ngazi na sikuweza kuubakisha tumboni:

"Kisima kina mlinzi, asiyelala mchana,
Ukigusa pa ulinzi, hukuzimia bayana..."

"Koki imefunguka?" akakatiza.

"Sijaijaribu bado. Sikiliza wa pili."

"Keinan. Umeanza vigelegele na bibi harusi yuko saluni. Shuka ukajaribu koki."

Eeddo alikuwa ameshainuka. Alitoa kadi yake kutoka kwenye fundo la shuka, akaipangusa, akaigusisha kwenye sanduku la mashine kwa mkono wa kulia, akasema bismillahi. Ngamia jike mmoja mweupe, mkorofi wa kundi, aliingiza kichwa birikani kabla ya mtu yeyote.

Taa nyekundu ikawaka.

Akaigusisha tena. Nyekundu. Nilitazama laptopu. Mashine ilikuwa macho, salama, haizimii, na ilikuwa inasema jambo la ajabu: haikuipata programu ya zamu. Programu niliyoiweka humo mwenyewe, ambayo asubuhi ilikuwepo.

"Sasa haizimii," akasema Diriye. "Imekuwa tu mjinga."

"Nyamaza, Diriye."

"Nasema tu ninachokiona."

Yule jike mweupe alilamba saruji kavu ya birika. Sauti ya ulimi wake ilikuwa kama msasa. Warsame alichuchumaa karibu na fimbo yake akaweka kidole mchangani, palipo ncha ya kivuli, kisha akaweka kingine mbali kidogo, pale kivuli kitakapofika ndipo alasiri iingie. Kati ya vidole vile viwili pangeweza kulala mjusi mdogo.

"Mama Osob," akasema, bila dhihaka sasa, "mimi si adui. Lakini kanuni ni kanuni."

"Nimekuomba uibadilishe?" eeddo akajibu.

Nilipanda. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikuwa na mtu wa kumwendea. Nilikuwa najua kuwa tumepatia. Ndani ya mifupa nilijua kuwa tumepatia.

"Ya kwangu inafanya kazi," Deka alisema kabla sijafungua mdomo. "Nimegusisha kadi ya majaribio, taa ya koki imewaka. Kiendeshi ni kile kile nilichokutumia."

"Yangu haioni programu ya zamu."

"Programu ya zamu iko wapi?"

"Kitalu cha hamsini kwenda mbele. Huko si mwiko."

"Kiendeshi kimoja, bodi ndugu," akasema polepole. "Tofauti ni ramani. Niambie eneo lako."

"Deka, ramani ni mstari mmoja tu."

"Basi hutachoka. Niambie."

"Kuanzia kitalu cha arobaini mpaka cha arobaini na sita."

"Niambie namba ulizoandika."

"Arobaini. Arobaini na sita."

Upepo ulivuma kwenye simu, au ulikuwa ni yeye anayepumua.

"Keinan," akasema, "namba ya pili ni urefu."

Nilishika ngazi kwa mikono yote miwili.

Sisi watu wa huku hatujawahi kupima kitu kwa urefu. Malisho ya babu yangu ni kuanzia kilima chekundu mpaka mgunga uliopigwa radi. Zamu ni kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Ukimwuliza mchungaji eneo lake ni kubwa kiasi gani atakuonyesha kwa mkono mwanzo, kisha mwisho, na kama hukuelewa atakuonyesha tena vile vile. Mkono wangu uliandika namba mbili kama mkono wa babu unavyoonyesha: hapa, na pale. Mashine ikasoma kimashine: anza arobaini, kisha hesabu vitalu arobaini na sita. Ikapiga mwiko mpaka themanini na tano. Programu ya zamu ilikuwa katikati ya huo mwiko, na kiendeshi, kwa utiifu mzuri tuliokifundisha, kilikuwa kinairuka kimya kimya. Nilikuwa nimejenga ua nikawafungia wenye nyumba nje.

"Saba," nikasema.

"Saba. Kimbia."

Sikushuka ngazi. Niliteleza nayo. Kipande cha shati langu jipya kilibaki kwenye msumari na sikurudi kukichukua. Nikaanguka mbele ya laptopu, nikafuta arobaini na sita, nikaandika saba, nikajenga upya. Vidole vyangu vilikuwa vinakimbia mbele ya macho. Nyuma yangu nilisikia kipaza sauti cha msikiti wa mjini kikiwashwa, ule mlio wake wa kukwaruza, na mtu akipuliza kujaribu kama kimewaka.

"Eeddo, mlete," nikasema. "Mlete birikani sasa."

Hakuuliza yupi. Yule mweupe alikuwa hapo hapo hata hivyo.

Programu ikaingia. Nikaiwasha. Thelathini na tisa. Maneno yakaruka vitalu saba, saba tu, yakatua arobaini na saba, arobaini na nane, hamsini. Programu ya zamu ikasema: nipo. Kijani.

Eeddo aligusisha kadi. Hakukuwa na kitu kwa pumzi moja ndefu. Kwa mbali muadhini akakohoa, pembeni kidogo ya kipaza sauti, kama watu wema wanavyokohoa. Kisha koki ikagonga ndani ya bomba, tak, na pampu ikanguruma, na safari hii haikunyamaza. Bomba likatema hewa, likatema kutu, likatema matope mekundu. Kisha maji. Yalipiga saruji moto yakatoa mvuke.

Jike mweupe aliinamisha shingo. Nilimwona koo likipanda na kushuka mara moja, mara mbili, kabla sauti ya "Allahu Akbar" haijatufikia juu ya miiba.

Wote tulimgeukia Warsame. Alikuwa bado amechuchumaa, vidole viwili mchangani. Alitazama kivuli, akamtazama ngamia, akatazama kivuli tena. Kisha akaing'oa fimbo yake na kujipangusa mchanga.

"Amekunywa," akasema. "Nimemwona kwa macho yangu. Zamu ni ya Osob."

Diriye alilitupa gunia la bodi ya zamani ndani ya kibanda, kwa mguu.

Tulisali pale pale, safu moja, na nakiri akili yangu haikuwa yote kwenye sala. Pampu ilikuwa inanguruma nyuma yetu na nilikuwa naisikiliza kama mzazi anayesikiliza pumzi ya mtoto. Tulipotoa salamu, Warsame alijifunga macawis yake, kikoi cha kiunoni, juu ya magoti akaingia kazini bila kuitwa. Zamu ndefu ya mwenzako ni usiku wako wewe, kwa hiyo ni afadhali umsaidie amalize. Alishika ndoo akawa anajaza birika la ndama, na akaanzisha wimbo wa kunywesha, ule wa zamani wenye pigo la mguu, na watu wakaupokea. Ndama walikunywa wakiwa wamepiga magoti. Niliingiza beti zangu mbili katikati ya wimbo wao, kwa Kiswahili, na zikakaa.

"Nani huyo anayenguruma?" Warsame akauliza.

"Ni pampu," akasema Diriye.

Nilipanda tanki mara ya mwisho kumwambia Deka. Alipiga ukelele ulionifanya nitenge simu na sikio. Kisha akarudi kuwa Deka.

"Bodi ya Wajir ndiyo hivyo, imefungwa na funguo za majaribio," akasema. "Nitatengeneza nyingine. Lakini sikiliza. Hakuna kuchoma funguo kisima chochote tena kabla kiendeshi hiki hakijaingia. Wajir, Mandera, hata Dadaab wakitaka. Na ramani naandika mimi."

"Au tubadilishe kiendeshi," nikasema, "kikubali mwanzo na mwisho. Watu wote wa huku wataandika hivyo."

Nilisikia kalamu yake ikikwaruza karatasi, na nilijua nimemgusa.

"Hilo si baya," akasema. "Urefu ubaki humo ndani kwa mashine. Anayeandika aandike hapa na pale. Lilete Garissa tubishane."

Nilipotua chini jua lilikuwa limelainika na ngamia wa eeddo walikuwa wamebaki wachache, kisha wawili, kisha mmoja: jike mzee sana, mdomo umelegea, aliyekunywa kwa kuvuta funda moja, kutafakari upeo wa macho, kisha kuvuta jingine. Ngamia wa Warsame sasa hawakuwa wamelala. Walikuwa wamesimama wote, wakisukumana kwenye miiba.

"Mama Osob," akaita Warsame, "huyo bibi amekunywa kutoka alasiri. Hata bahari ingekuwa imekauka."

"Ni mzee. Meno yake hayapo."

"Maji hayatafunwi."

Eeddo aliketi tena juu ya jerikeni lake, akatoa tasbihi, akaupapasa ubavu wa yule jike kwa kiganja.

"Wewe ndiye uliyenifundisha leo kwamba kanuni ni kanuni," akasema. "Mwache anywe."